Mistari Mbele ya Kitanda cha Mama

Mama alilazwa hospitali ya Kirotshe, figo zikimsumbua, na mimi nikawa gadimaladi wake. Ndivyo tunavyomwita ndugu anayelala na mgonjwa, kumwosha na kumpikia. Kando ya kitanda kulikuwa na prizi moja ya umeme. Niliikamata kwa kompyuta yangu asubuhi mapema kabla ya wenye simu, maana nilikuwa na kazi ya shule moja ya Itebero.

Kazi yenyewe ilinichosha roho. Kurasa za mazoezi nilikuwa nimekwisha kuziandika, lakini serveri yao ya zamani, programu inayowagawia wanafunzi kurasa, haikuzielewa. Ilibidi niijengee mkalimani ndani yake: programu ya kusoma maagizo yangu na kuyatimiza. Iliyo tayari haikuifaa, basi nikakompile mwenyewe, yaani nikaipa mashine maandishi ya waliotunga programu, iyageuze kipande kwa kipande kuwa kitu kinachofanya kazi. Na mashine ile, Mungu wangu! Ilikuwa kama jirani mwombaji: ukimpa chumvi anataka mafuta, ukimpa mafuta anataka chungu. Kipande kimoja kikikosekana, inasimama. Niliitukana.

"Unagombana na sanduku?" Mama akacheka. "Itaisha lini?"

"Ikiisha tu, Mama, tunarudia kwetu Kibabi."

Nilisema hovyo, jinsi watu wanavyosema na mgonjwa. Yeye akalishika neno. Tangu hapo aligeuza kichwa kutazama mistari ya maandishi ikipanda kwenye kioo cha kompyuta. Hajui kusoma. Ikisimama, ananiita kwa jina la mapenzi, "Papa, imekwama!" Ikiendelea, anatulia: "Sasa tunapanda mulima." Kisha: "Sasa naona maharagi yetu."

Siku hiyo, kwenye jiko la uani, mwanamke mmoja aliyetoka tu Kibabi akanivuta kando. Njia imefungwa kwa vita, akasema, na nyumba yetu imebomolewa, yamebaki mawe ya msingi. Nilimsihi asimwambie Mama. Nilirudi na uji.

Alasiri mistari ikasimama, na safari hii hapakuwa na kosa. Nikawasha serveri, ukurasa wa majaribio ukafunguka. Nilipaswa kufurahi. Nilitamani kulia.

"Imeisha?" Mama akauliza.

"Imeisha."

Nikatafuta pa kuanzia.

"Mama, kule Kibabi..."

"Achana nayo. Ule mama alipita kwanza hapa kwangu, mbele ya kwenda ku jiko, akanielezea yote." Akavuta kitenge mpaka kifuani, akaangalia kioo kilichotulia. "Anzisha tena."

"Iko tayari, Mama. Inatumika muzuri."

"Nimesikia. Anzisha tena, Papa. Tulikuwa tunaenda."

Nikafuta kila kipande nilichojenga, nikaanza upya.