Mizunguko Mitatu ya Gatete

Fundi aliyeunganisha ofisi nne za kampuni ndogo ya mawese alikuwa na vidole vilivyochanjwachanjwa na waya, na sauti ya chini, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Émérance, karani wa ofisi ya Rumonge, alimwona akichora mtandao wake mezani: waya mmoja tu wa simu kufuata ziwa, na kila ofisi na mwito wake. Ukizungusha mpini mara mbili unaita Minago, mara tatu Gatete, mara nne Gitaza. Kengele zililia kote kwa pamoja, kwa hiyo aliweka mwiko mmoja, na alikuwa mkali juu yake: usiinue simu isiyokuita. Kila asubuhi alifuta mpini kwa kitambaa, akaita ofisi moja moja, na kila ilipojibu akaitia alama ya penseli kwenye mchoro.

Mei 1972, malori ya askari yalipita wiki nzima yakichukua watu, na Gatete ikaacha kujibu. Fundi aliendelea kuzungusha mara tatu kila asubuhi.

"Fundi, kule hakuna mutu tena," Émérance alimwambia. "Karani wao Sylvestre walimupeleka, na wenzake wote."

"Najua, mama. Lakini waya iko muzima."

Akazungusha tena, akamsogezea simu wasikilize pamoja. Ndani ya simu kitu kikagonga kidogo, kisha kingine. Minago walikuwa wameinua, na Gitaza pia. Walisikika wakipumua tu, badala ya Gatete. Fundi hakuwakemea. Alingoja mpaka wote wakakata, ndipo akarudisha simu yake.