Nyumba ya Majivu ya Fundi Zenon

Mume wangu Zenon hajui kuchora kwenye karatasi. Amejenga nusu ya nyumba za hapa kijijini Kate, Ufipa, lakini mpe kalamu uone: mstari wake hata mtoto wa chekechea angeuonea aibu. Yeye huchora kwa majivu. Anamwaga kuta zote uwanjani kwa ukubwa wake kamili, anaacha nafasi za milango, kisha anawalazimisha wenye nyumba washinde humo: wakae, wale, wapite mlangoni. Ukivuka ukuta wa majivu anakurudisha. Nimeolewa naye miaka thelathini na bado hunirudisha hata mimi.

Julai iliyopita Wilibrodi, mtoto wa jirani yetu mama Bertilla, alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na ramani kwenye simu. Nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoiacha marehemu baba yake iongezewe upande wa kisasa: sebule mpya, choo cha ndani, jiko la gesi, na baraza pana inayotazama mashariki ipokee upepo. Jiko la nje la mama, lenye mafiga na dari iliyojaa mbegu za mahindi, livunjwe kupisha maegesho ya gari. Gari lenyewe hajalinunua.

"Livunjwe?" Bertilla aliuliza. "Na mbegu zangu nizikaushe kwa gesi?"

Moshi wa jikoni ndio unaofukuza wadudu kwenye mbegu. Kila mtu huku anajua, isipokuwa aliyekaa Dar miaka kumi na miwili.

Wilibrodi si mtoto mbaya. Wakati wa mvua mama yake aliteleza kwenye tope akienda chooni, akalala wiki mbili kwa maumivu ya nyonga, na tangu siku hiyo kijana hana raha. Kwa hiyo alitamka bila kuzunguka.

"Mama, ni moja kati ya mawili. Tujenge hivi, au nikuchukue ukaishi kwangu Dar."

 Nilimwona Bertilla akitazama shamba lake la ulezi lililokwisha kuvunwa, na moyo ukaniuma. Angefanya nini kule, mchana kutwa kwenye chumba chenye feni? Na mimi ningebaki na nani wa kumsengenya Zenon?

Zenon hakubishana na mtu. Asubuhi iliyofuata alileta madebe mawili ya majivu, akaichora ile ramani ya simu kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Akaweka kiti barazani.

"Karibu kwako, Wilibrodi. Ushinde hapo."

Kipupwe cha Ufipa hakina adabu, na upepo wa Julai unatoka huko huko mashariki. Saa tatu kijana alivaa koti. Saa nne akaongeza shuka. Saa tano tukakuta kiti kitupu, na mwenyewe yuko jikoni kwa mama yake, juu ya kigoda, mikono imekaribia kuingia motoni, anakula kiazi cha kuchoma.

"Umetoka nje ya nyumba yako," Zenon akamwambia. "Rudi barazani."

"Fundi, nihurumie!"

Tulicheka mpaka Bertilla akashika nyonga yake. Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Jiko la zamani litabaki na dari yake, liungwe na nyumba kwa korido yenye bati. Choo kitakuwa hatua nane kutoka kitandani kwa mama. Baraza itageukia magharibi, na gesi itapata kona yake ya kuchemshia chai. Zenon alikuwa anatembea na debe lake kwa madaha kama bwana harusi.

"Basi, mama," Wilibrodi akasema, "huendi popote."

Nilidhani Bertilla atapiga vigelegele. Badala yake aliinama, akachota majivu kwa mkono, akachora pembeni ya jiko mistari minne iliyopinda, akaacha na nafasi ya mlango.

"Hicho ni nini, mama?"

"Chumba."

"Lakini chako tayari kipo."

"Ni chako. Umenichorea choo, umechora hata gari litalala wapi. Wewe ungelala wapi?"

Wilibrodi akafungua simu, akaitazama ile ramani kwa muda mrefu. Kweli, hakuwamo. Chumba chake cha utotoni kina magunia ya mahindi, na akija hulala sebuleni kama mgeni. Akacheka, kisha akalia mbele yetu sote. Zenon, ambaye hawezi kuvumilia ukuta uliopinda, hakuugusa.

Kijana akaingia kwa kupitia mlangoni, akalala chali vumbini apime.

"Mama, miguu inatoka nje."

Bertilla akaufuta ukuta kwa unyayo wake, akauchora upya mbele zaidi, mpaka miguu ya mwanawe ikaingia ndani.