Muwa Uliokauka Getini

Siku ile naikumbuka kwa ladha, mwanangu, maana nilitafunishwa kosa langu. Sukari ilikuwa imevuma huku kwetu, matrekta ya miwa yakipanga foleni kutoka geti la kiwanda hadi barabarani. Mimi, msichana wa Khayega niliyetoka chuoni juzi tu, nilikabidhiwa programu ya kupanga foleni hiyo. Haikuwa na picha wala rangi: unaandika amri, inakujibu ni trekta gani liingie.

Ilikuwa na ugonjwa. Kila trekta lilipofika, iliomba nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta iweke jina lake, na trekta likishaondoka nafasi hairudishwi. Ikifika saa sita mchana kumbukumbu imejaa, programu imekwama. Nami naizima, naiwasha, naizima tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ufa niliupaka chokaa tu.

Honi za madereva zilinikosesha utulivu. Tena sikuwa mtu wa kukaa (hata sasa unaniona, chai yangu inapoa huku nazunguka ua). Nikachomeka mstari mmoja: trekta likiitwa tu, nafasi yake irudishwe na jina lake lifutike. Sikujiuliza, je, likiitwa na lisiweze kuja? Nikatangaza programu imepona, nikaenda kula obusuma, ugali wetu, kwa maringo.

Siku ya nne akaingia Mama Khasandi, mkulima wa Butere, na kipande cha muwa mkononi.

"Wewe ndiye mwenye hii mashini? Tafuna."

Nikatafuna. Ulikuwa mkavu kama ufito, mchachu.

"Tuliitwa, gurudumu likawa na pancha. Kurudi, karani wa getini anasema kompyuta hainijui. Siku tatu niko kwa jua! Hii miwa nimelima karibu miaka miwili."

Nikajitetea: nafasi zilikuwa zinajaa, ikabidi nizirudishe.

"Jembe la kuazima tunarudishanga, msichana wangu. Lakini nani ananyang'anyanga mtu jembe akiwa bado analima?"

Niliona aibu, mwanangu. Siku hiyo nilikaa. Nilichapa programu yote kwenye karatasi, nikashika penseli, na kila palipoombwa nafasi nikatafuta inarudishwa wapi, na nani bado anaitumia. Kosa lilikuwa mstari wangu mwenyewe. Mficha uchi hazai. Nikamwambia mkuu wangu mbele ya madereva, nikausahihisha: nafasi irudi trekta likishaondoka.

Trekta la Mama Khasandi liliingia la kwanza. Mkaguzi wa kiwanda akaikataa miwa kwa kukauka, ikamwagwa nyuma ya ua. Mama Khasandi hakunipigia kelele. Aliitazama tu, kisha akapanda trekta tupu akaenda zake.

Basi, mwanangu, ulichochukua kirudishe, lakini kwanza hakikisha hakuna anayekitegemea. Na usiseme umetengeneza kitu kabla hujakijaribu siku ya pancha. Mungu akupe akili nyepesi na makalio mazito, na jasho la mwenzako lisikauke mikononi mwako.