Kisufuria cha Mwonjaji

Kama kuna mtu Ilula nzima aliyestahili kazi ya kuonja chakula cha shule, basi ni Kasian Kikoti. Mzee yule ana gubu la chakula tangu ujana wake. Ugali ukilegea kidogo, anaisukuma sahani pembeni. Chumvi ikizidi, anauliza kama bahari imehamia huku Kilolo. Mkewe, Faustina, amepika kwenye harusi na misiba ya watu mpaka wenyewe wakagombea ukoko, lakini nyumbani kwake hajawahi kusikia neno "tamu". Siku mumewe akisema "kinalika", Faustina anajua amesifiwa, anamshukuru Mungu na kwenda kuosha vyombo.

Basi wazazi wa shule ya msingi ya pale mtaani walipokaa kikao wakaamua kwamba awepo mzazi wa kuonja chakula cha mchana kabla watoto hawajapakuliwa, jina lilikuwa moja tu. "Huyu bwana akikipitisha chakula, jueni kimepita!" alisema Edmund, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa kaunda suti na maneno mengi. Watu wakapiga makofi. Kasian akajifanya kukataa: ana nyanya shambani, ana mgongo. Lakini weee, furaha utaifichaje na meno yako yote yako nje? Alikubali kabla hawajamaliza kumbembeleza.

Kesho yake mchana akakaa kwenye benchi nyuma ya jiko. Mpishi, Sekela, mama wa Kinyakyusa aliyeolewa huku, akapiga goti kidogo, akamletea bakuli lililofunikwa. Ndani mlikuwa na makande laini, maharage mazima yanayong'aa, yameungwa kwa kitunguu na nyanya, na mboga ya chainizi pembeni. Kasian akala kijiko kimoja. Akala cha pili ili ahakikishe. Kwa watu wengine kuonja ni kijiko. Kwa Kasian kuliishia chini ya bakuli.

"Kinalika," akasema, na watoto wakapakuliwa.

Mambo yakaenda hivyo wiki hata wiki. Kasian akaacha kunywa chai ya asubuhi, eti isimharibie ulimi. Tumbo likaanza kutangulia mbele ya shati. Akipita barabarani kwa kina mama wanaouzia wasafiri nyanya na vitunguu, akiitikiwa kwa salamu ya Kihehe, "kamwene", anasimama kuwapa habari za lishe. "Watoto wetu wanakula kuliko sisi, nawaambia!" Nao walimwamini, maana tangu lini Kasian Kikoti akasifu chakula cha mtu?

Asiyeamini alikuwa mmoja tu, na alilala nyumba moja naye. Ni mjukuu wake, Goodness, wa darasa la pili. Mama yake, Happy, yuko Makongolosi anawapikia wachimba dhahabu, na mtoto kamwacha kwa babu na bibi yake. Kila alasiri Goodness akirudi shule alikuwa haweki hata mkoba chini. Moja kwa moja jikoni, anamega ugali uliobaki jana, anakula amesimama.

"We mtoto, si umekula shuleni?"

"Sijala, babu. Maharage yana wadudu."

"Wadudu! Nimeyaonja mimi, kwa ulimi wangu huu!"

"Yana wadudu, babu."

"Kwa hiyo babu yako mwongo?"

Goodness akamega tonge jingine. Faustina ndiye aliyejibu. "Baba Happy, mtoto anakonda huyu. Sketi yake naikaza kwa pini."

"Anadeka," alisema Kasian. Akatoa amri, maana mwonjaji wa shule hawezi kuaibishwa na mjukuu wake mwenyewe: kuanzia kesho, Goodness akirudi asipewe kitu chochote mpaka chakula cha jioni. Njaa itamfundisha kula cha shule.

Na kweli, baada ya siku chache mtoto aliacha kulalamika. Akirudi anakaa kwenye kizingiti, kimya, anangoja jioni. Kasian alimtazama, akajiona mlezi hodari kweli kweli.

Sasa ikatokea siku lori la mnunuzi wa nyanya likamchelewesha shambani. Alipofika shuleni watoto wamekwisha kupanga foleni na Sekela ameshika upawa. Kasian akakaa kwenye benchi lake, akangoja bakuli. Bakuli halikuja.

"Shikamoo mzee. Leo umechelewa," alisema Sekela. "Nilidhani huji. Kisufuria chako walimu wamekimaliza."

"Kisufuria gani? Si unipakulie humo? Sufuria hilo limejaa."

"Hili ni la watoto, mzee."

Kasian akacheka. "Si ndicho hicho hicho?"

Sekela akautazama upawa. Kasian naye, kwa njaa tu, akachukua sahani ya plastiki na kujipakulia mwenyewe. Makande ya chukuchuku, maji ya kijivu, kila haragwe lina tundu, na juu yake vidudu vyeusi vinaelea. Akatia kijiko mdomoni. Yakasagika kama vumbi, kisha jino likakutana na jiwe. Akatema.

"Sekela! Ndiyo unawalisha watoto wetu takataka hizi?"

"Mwenyekiti aliniambia mwonjaji ni mzee wa watu, asipewe vitu vya ovyo. Nikakuwekea kisufuria chako," alisema Sekela, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Na maharage haya sijayatoa kwangu, mzee. Mmeyaleta ninyi. Nikichambua mabovu yote, nitapika nini? Tena gunia la leo ndilo lako!"

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya mavuno Kasian alichambua maharage yake vizuri: mazuri kwa mnunuzi, ya katikati kwa jiko la Faustina, na yaliyotobolewa akayaweka kando kwa ajili ya nguruwe. Shule ilipotangaza kila mzazi alete mchango wa maharage, nguruwe wakanyang'anywa. "Watoto hawachagui," alisema siku ile. Na wenzake, bila kuulizana, walisema hivyo hivyo. Shimo hili walilichimba pamoja.

Alipoinua macho alimwona Goodness. Alikuwa amekaa chini ya dirisha la darasa, sahani mapajani, anatoa wadudu kwa ukucha mmoja mmoja na kuwapanga ukingoni. Alipomaliza, akala. Akala yote, kwa sababu alijua nyumbani hakuna kinachomngoja. Kasian aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

Akadai kikao cha wazazi, na akadai kifanyike shuleni, saa ya chakula. Siku ilipofika akasimama, akasema yote: kisufuria, wadudu, gunia lake. Watu wakaangua kicheko. "Gubu limemrudia mzee!" mmoja akapaza sauti.

"Mzee Kikoti," alisema Edmund kwa upole wa kiongozi, "si wewe uliyetuambia kinalika?"

"Nilikuwa nasifia cha kwangu! Cha watoto hiki hapa." Akamwita Sekela, wakaliburuta sufuria kubwa mpaka katikati ya watu, na Kasian akalifunua. "Karibuni mezani, wazazi wenzangu. Sahani zipo."

Jamani! Mngewaona watu wazima. Mmoja alisema ametoka kula sasa hivi. Mwingine vidonda vya tumbo, daktari kamkataza maharage. Mwingine akakumbuka amefunga, na wala haikuwa Kwaresima. Edmund aliitazama saa yake kwa muda mrefu sana, kama ndiyo kwanza ameinunua.

"Hamtaki? Basi tupitishe hili," alisema Kasian. "Kisufuria kife leo. Kuonja kuwe kwa zamu, wazazi wote, kutoka sufuria la watoto, na mtu amalize sahani. Jumatatu ni zamu ya mwenyekiti. Anayepinga aje aanze sasa hivi."

Halikupingwa na mtu. Azimio lilipita kwa mikono yote, na mwenye vidonda vya tumbo alinyoosha miwili.

Jumatatu, jua halijapanda vizuri, Edmund alionekana juu ya bodaboda akiwa amekumbatia gunia la maharage mapya, yamechambuliwa, hayana hata ganda. Wale kina mama wa barabarani, ambao zamu zao zilikuwa zinafuata, wakaleta nyanya, vitunguu na chainizi. Mafuta nayo, ambayo kamati ilikuwa ikisema kila siku kwamba hayawezekani, yakawezekana kabla ya saa nne. Edmund alimaliza sahani yake bila kukunja uso.

Alasiri Kasian alikuwa amekaa uani anamngoja mjukuu wake. Alikwisha kumwambia Faustina aweke viazi vitamu vya moto, na ile amri yake ameifuta kwa mdomo wake. Goodness akaja anatembea polepole, midomo inang'aa mafuta. Viazi hakuvitazama.

"Leo umekula?"

"Nimekula, babu. Maharage mazima. Na mboga."

Kasian akajisikia mwepesi, akataka hata kucheka. Mtoto akamsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini:

"Babu, wale wageni wanaondoka lini?"

"Wageni gani?"

"Waliokuja shuleni. Si ndiyo maana tumepikiwa vizuri?"

"Hakuna wageni, mjukuu wangu. Kile ni chakula chenu. Na kesho kipo."

Goodness alimtazama. Zamani angebisha, sasa alikuwa mtoto mwenye adabu. "Haya, babu," akasema, akafungua mkoba, akatoa maharage aliyoyafunga kwenye karatasi ya daftari, akampelekea bibi yake amwekee ya kesho.