Kuzamishwa Mbele ya Mama

Mpaka sasa jambo hili limenigharimu zamu mbili za kazi ghalani, mafuta ya gari kutoka Louisville, ninakoishi hapa Marekani, hadi Buffalo na kutoka Buffalo hadi Columbus, na shati jeupe jipya. Nimejumlisha mara mbili. Mchumba wangu na mama yangu sijawaingiza kwenye hesabu, kwa sababu bado sijui nampoteza nani.

Mchumba anaishi Columbus. Kwao ni milima ya Kivu Kusini, na ni mlokole, wa kanisa linalobatiza watu wazima kwa kuwazamisha mwili mzima. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, Mkatoliki niliyemwagiwa maji kichwani nikiwa mchanga. Mchungaji wao aliniambia kwa upole kwamba Wakatoliki ni watu wazuri sana, ila tu hawajaokoka. Hafungishi ndoa mpaka nizamishwe.

Nikaanza kupatana naye bei. Nikauliza kama jagi moja la maji halitoshi, maana ubatizo wangu wa kwanza ulikuwa wa kikombe tu. Nikapanda hadi ndoo.

"Bon, ndugu yangu," akasema, "Yesu hakuingia Yordani kwa ndoo."

Nikaona huyu hashuki bei. Sababu yangu hasa sikumwambia. Nikiwa na miaka sita, tulipokuwa tunavuka mto wa mpakani kukimbilia Tanzania, baba alinibeba mabegani akateleza. Nikaenda chini. Tangu siku hiyo siingii maji yanayopita magoti. Hata nikioga macho nayaacha wazi, sabuni iingie ikitaka.

Baba alishafariki, kwa hiyo wazee wa upande wa mchumba wanamsubiri mama. Bila yeye hawapokei mahari. Mama anakaa mtaa wa Riverside, Buffalo, karibu na mto ambao sijawahi kwenda kuutazama. Walokole anawashangaa: Mungu si kiziwi, anasema, wanampigia kelele za nini? Nilimwendea nikitegemea akatae. Akasema, "Twende, nione." Hilo lilinitia hofu kuliko kama angekataa. Njia nzima alishika rozari, mimi nikashika usukani kama mtu anayening'inia.

Jengo wanalosalia kina mchumba huko Columbus ni la Wabaptisti Wazungu, wazee watupu, wanaolipangisha alasiri. Makanisa matatu ya wakimbizi yanapokezana humo, na kila moja huwaombea watu wa mengine mawili waokoke. Bili ya umeme wanagawana bila ugomvi. Kisima cha kubatizia kiko nyuma ya mimbari, maji yake ya vuguvugu.

Mama walimpa kiti cha heshima mstari wa mbele, karibu na mchumba wangu aliyepakata taulo langu. Nilishuka ngazi, maji yakafika kifuani. Mchungaji akaniweka mkono shingoni. Kisha akauliza kwa maikrofoni swali ambalo hakuna aliyenidokezea.

"Unakiri mbele ya watu hawa kwamba hukuwahi kubatizwa?"

Nikamtazama mama. "Nakiri sijawahi kuzamishwa," nikasema.

"Kubatizwa," akarudia taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Mchungaji, tuelewane. Hilo la kuzamishwa nakupa lote."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Mkono wa shingoni ukakaza, na mimi nikausikia mto masikioni. Nilipopata fahamu nzuri nilikuwa nimeshika ngazi, natoka, kichwa kikavu. Kwaya iliendelea kuimba kwa sababu haikujua ifanye nini.

Kwenye korido mchumba alinipa taulo. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Umekataa kwa ajili ya mama, au umeogopa maji?"

Nikajifuta kichwa ambacho hakikulowa.

Garini, mama aliiweka rozari mapajani.

"Siku ya ubatizo wako ulikuwa unachemka homa," akasema. "Nilikukimbiza kwa padri nikijua unakufa. Na mtoni, baba yako alipokupoteza, moyoni nilishikilia yale maji ya padri tu, sikuwa na kingine. Ukitaka kuwaambia hayakuwa kitu, mwanangu, waambie. Ila usiniite nisikie."

Nilimrudisha Buffalo. Mchumba amenipigia: wanabatiza tena Jumapili ya mwisho wa mwezi, mchungaji ataniombea niondokewe na woga, lakini swali lake halibadilishi. Yeye mchumba atanisubiri hadi siku hiyo. Baada ya hapo itakuwaje hakusema, na mimi naogopa kuuliza. Nikilijibu mchungaji anavyotaka, mama haji kwa wazee. Nisipolijibu, wazee hawana sababu ya kumngoja.

Nimezoea kuuza na kununua, lakini hapa kila upande nikiugusa natetemeka. Kama umeoa au umeolewa nje ya kanisa la mama yako, na mama bado anapokea simu zako, naomba unishauri: nianze kwa mchungaji, au nirudi Buffalo nikapige magoti kwanza?