Mzee Aliyewanyima Ng'ombe Maji

Nikiri mapema, ndugu zangu, kwamba mimi niliyefundisha Kiswahili na adabu muda wote wa utumishi wangu, niliyewahi kumrudisha mgeni mlangoni aingie upya kwa sababu alitaja shida yake kabla ya salamu, niliaibishwa mbele ya ukumbi mzima wa Ilongero na mzee wa kuchorwa, na mzee huyo (hapa ndipo panapouma) alikuwa mimi.

Mpwa wangu Neema, aliyesomea kompyuta, alitengeneza mchezo wa simu na kompyuta wa kuchunga ng'ombe, nami nikamtungia maneno yote kwa uangalifu uliopita kiasi: mchezaji anatoka zizini, anavuka mbuga, anakutana na wazee njiani, na asipowaamkia hapiti kwenda kisimani. Ulikuwa mchezo safi, sahihi, na usiochezwa na mtu. Neema akapendekeza tuwaruhusu wachezaji waongeze vitu vyao wenyewe: ng'ombe wao, njia zao, hata wazee wao.

"Mjomba, mtu akishaweka chake humo ndani, hatauacha."

"Na sisi tuliotunga tutafaidika nini," nilimuuliza, "kazi ikishapitiwa na kila mkono?"

Hatukuelewana. Siku ya mkasa, kituo cha vijana kilikuwa kimewaita wazazi na wafugaji waamue kama mchezo wetu uwekwe kwenye kompyuta za kituo. Ukikataliwa, Neema alishasema anaufuta na kwenda Dodoma kutafuta kazi nyingine. Nami nikafanya uamuzi mmoja mdogo: nitawaonyesha watu, papo hapo, jinsi viongezo vya wachezaji vinavyoharibu kazi. Neema alikuwa amepokea kimoja kutoka kwa mtu wa Singida mjini ambaye, nilikuja kujua baadaye, niliwahi kumfundisha.

"Kifungue kwanza, mjomba, ukione," alinisihi.

Nikamjibu kwamba sihitaji kuonja mboga iliyochacha ili nijue imechacha.

Nikapanda jukwaani, nikahutubia kwa kirefu juu ya haki ya mtunzi (wapo waliosinzia, niliwaona), kisha nikabonyeza. Ukutani, projekta ilipomulika, mkubwa kama mlango wa ghala, akatokea mzee mrefu mwenye miwani iliyoshuka puani, koti la kijivu katika jua la saa sita, na kalamu zilizojipanga mfukoni. Ukumbi ukautazama ukuta, ukanitazama mimi, ukarudi ukutani. Mimi peke yangu ndimi niliyekuwa sijaelewa.

Nikabonyeza salamu. "Shikamoo!" spika zikanguruma.

"Simama wima kwanza," mzee akajibu, kwa sauti iliyoiga yangu pamoja na kikohozi changu.

Nikabonyeza tena.

"Vua kofia."

Tena.

"Rudi ulikotoka, uje upya."

Mwenye busara angezima. Mimi nilidhamiria kumshinda, nikaendelea kumwamkia, na kila nilipobonyeza mwili wangu ukainama wenyewe, mbele ya watu ambao kila siku huniamkia mimi, huku nyuma ng'ombe wangu wakianguka kwa kiu mmoja baada ya mwingine. Watu walikuwa wakifuta machozi ya kicheko. Ndipo aliposimama Mzee Nkuwi, mfugaji wa Mtinko, ambaye hakuwa akicheka hata kidogo, akagonga fimbo sakafuni.

"Mwalimu! Wapishe ng'ombe wanywe! Salamu gani hiyo na mnyama anakufa?"

"Si mimi, mzee wangu, ni huyu!"

"Kwani huyu ni nani?" akauliza mama mmoja wa mstari wa mbele, na hapo ukumbi ukapasuka.

Nikakimbilia swichi ili nizime kila kitu. Nilizima taa. Gizani, mzee aking'aa kuliko mwanzo, akaniambia nirudi nilikotoka.

Nilitaraji watu waondoke. Badala yake walisogea mbele. "Nipe mimi, nitampita huyo!" Mwingine akauliza kama anaweza kuweka fahali wake mwenye pembe iliyovunjika, Mzee Nkuwi akataka kisima cha kwao kiwemo, tena mahali pake halisi, na mzee yule asisogezwe karibu nacho. Neema alikuwa akijibu maswali pande zote, akicheka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aanze kazi ile. Mchezo ukapitishwa kabla ya chai, na mimi niliyekuja kupinga viongezo nikaitwa kutoa shukrani.

Tangu hapo nimelipima jambo hili bila haraka. Gharama ipo: Neema hukesha akikagua wanayoleta wachezaji, na mengine ni ya hovyo. Lakini mchezo wangu sahihi haukuwa na mchezaji, na huu wenye makosa ya watu una wachezaji wanaougombania. Mtengenezaji amefaidika, nami sina hoja ya kulikana hilo. Nimeapa pia kwamba sitapanda tena jukwaani kulaani kitu ambacho sijakifungua.

Na sasa ninajifunza, kwa vidole vyangu vizito, kutengeneza kiongezo changu mwenyewe: mzee yule yule, koti lile lile, ila anasimama kando ng'ombe wapite kwanza, ndipo apokee salamu. Neema amekirudisha. Anasema mzee wangu bado anaongea mno. Nimekata maneno, na kesho nitakipeleka tena.