Siku Mama Alipoupa Mvule Shikamoo

Tangu magoti yamsaliti na tumnunulie kiti mwendo, Mama alikuwa hatoki. Ndani ya nyumba alikizoea haraka. Alifukuza kuku nacho, alitufuata nacho chumba hadi chumba akitufokea. Lakini ukimtajia geti, alikuwa na jibu moja: hasukumwi mbele ya majirani kama toroli la maji.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba katika msitu wa upande wa Pugu kuna njia ya kutembea iliyosawazishwa vizuri, haina ngazi wala mawe, na inapita katikati ya miti mikubwa ya zamani sana. Nikamshirikisha mdogo wangu, ambaye ni dereva wa bajaji. Jumamosi asubuhi akakifunga kiti juu ya paa kwa kamba za mpira, tukampakia Mama na kanga zake mbili, tukaondoka nyumbani Mbezi Luis.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza tulipofika Kinyerezi.

"Msituni, Mama."

"Haya. Mmechoka kunilea, mnakwenda kunitupa."

Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa. Mdogo wangu alicheka mpaka bajaji ikayumba, tukapigiwa honi na lori.

Pale msituni tulipokewa na dada mhifadhi mwenye sare ya kijani. Alimwamkia Mama, akatutangulia kutuonyesha njia. Magurudumu yalikuwa yakiteleza juu ya majani makavu, na hewa ilikuwa ya baridi, utadhani jua la Dar limezuiwa getini. Kisha njia ikapinda, na mbele yetu ukasimama mvule.

Sijui niueleze vipi. Shina lake lilikuwa pana kuliko sebule yetu. Mama aliinua uso kuutafuta mwisho wake, akainua tena, akaegemea nyuma hadi kanga ya kichwani ikamdondoka.

"Una umri gani huu?" akamuuliza dada.

"Hatujui kwa hakika, bibi. Ila mababu wa mababu zetu waliukuta."

"Kumbe!" Mama akanigeukia. "Mwaka mzima huu kila mtu ni shikamoo bibi, shikamoo bibi. Leo na mie nimempata mkubwa wangu." Akaweka mikono mapajani kama binti aliyefundwa, akainamisha kichwa mbele ya mti. "Shikamoo!"

Nyuma ya shina ikatoka sauti nzito ya kukwaruza: "Marahabaaa, mwanangu."

Mdogo wangu! Alikuwa amejipenyeza huko bila sisi kumwona. Mama alishtuka, akapiga kelele, halafu kicheko kikamshika. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtiririka, akinipungia mkono nisimsogelee kwa sababu kila akiniona alianza upya. Dada mhifadhi alilazimika kukaa chini.

Baada ya hapo hakukuwa na mtu mzima tena pale. Mama aliamuru akimbizwe, na mdogo wangu akamkimbiza, kanga zikipepea, mimi nikiwafuata na kandambili zangu mkononi. "Kaza mwendo! We si dereva?" Kila mti mkubwa tulioufikia ulipewa shikamoo, na kila mti uliitikia, mmoja kwa lafudhi ya kwetu Songea.

Karibu na mwisho wa njia tulikuta maharusi wamekuja kupigwa picha, wakiwa na wasimamizi wao na mpiga picha. Walikuwa wakijaribu kuuzungushia mti mmoja mikono, lakini mnyororo wao ulikuwa haufungi. Tukajiunga nao. Bado pengo likabaki.

"Na mie je?" Mama akauliza. "Nimekuja kuwa mapambo?"

Tukamsogeza hadi kwenye mizizi. Mkono mmoja akampa bibi harusi, mwingine akampa mpiga picha, ambaye ilimbidi aiache kamera ining'inie shingoni. Duara likafunga! Tulishangilia kama watu walioshinda kombe, na hakuna aliyekumbuka kwamba sasa hapakuwa na wa kupiga picha.

Bibi harusi akambusu Mama shavuni, akamwachia rangi ya mdomo. Mama akanikataza nisiifute.

Tulipokaa kwenye benchi kula maandazi, alinipokonya simu akampigia mdogo wake aliyeko Songea. Alipoanza, mti ulikuwa mpana kama sebule yetu. Andazi la pili lilipoisha, ulikuwa umeshafika upana wa kanisa. Nilipotaka kumrekebisha, alinikata jicho, akahamishia simu sikio la upande wa pili.

"Usinikatize," aliniambia, kisha akarudi kwa mdogo wake. "Nakuambia hivi: ndani yake ungeweza kufanyia harusi. Ndiyo! Na bibi harusi mwenyewe nilikuwa nimemshika mkono."